Mkataba, Agano na Osotua: Molonket ole Sempele na Suala la Haki katika Umaasai

Historia ya kanisa katika Kenya imeandikwa kwa sehemu kubwa kama historia ya wale walioileta dini, na Mwafrika atokeapo ndani yake huwa ama mwanafunzi mwema ama mwanafunzi mkaidi. Molonket ole Sempele amewekwa katika mafungu yote mawili. Kwanza alisifiwa kuwa ni tunda la awali la Africa Inland Mission miongoni mwa Wamaasai. Baadaye, alipojitenga na misheni hiyo, akawa mfano wa mtu aliyerudi nyuma. Mwanahistoria Kenneth King ndiye aliyemtoa katika vifungo hivyo, kwa wasifu na makala aliyoyachapisha mwaka 1971, akamweka mahali pake katika historia ya upinzani wa Wamaasai dhidi ya serikali ya kikoloni. Sisi wa idara za lugha hatujamshughulikia inavyostahili, na hilo ni jambo la kusikitisha, kwani mengi yaliyomkuta yalitendeka ndani ya lugha: katika hati, katika tafsiri, na katika maana ya maneno machache yaliyobeba mzigo mkubwa kuliko yalivyokusudiwa.

Makala haya yanadai kwamba ugomvi wa ardhi na ugomvi wa kanisa katika Umaasai ulikuwa, kwa asili yake, ugomvi mmoja. Swali lililobishaniwa ni hili: ni kitu gani kinachomfunga mtu kwa mwenzake, alama iliyotiwa juu ya karatasi au uhusiano uliokwisha kuwako kati yao? Molonket aliishi katikati ya swali hilo, na ndiyo sababu anatufaa.

Yafaa kwanza nieleze kwa nini uchunguzi huu unaelekezwa Kajiado na Kitengela, ilhali kituo alichohudumu Molonket kwa muda mrefu kilikuwa Siyiapei, karibu na Narok. Wilaya za Narok na Kajiado zilikuwa nusu mbili za eneo moja lililoitwa Hifadhi ya Kusini, na yaliyoamuliwa juu ya hifadhi hiyo yaliwapata watu wa pande zote mbili. Kajiado yenyewe, ambayo jina lake latokana na Olkeju-ado, yaani mto mrefu, ilikua ikiwa kituo cha reli ya Magadi, iliyojengwa kuanzia Konza katika miaka ileile ambayo Wamaasai wa kaskazini walikuwa wakihamishwa. Kitengela, malisho ya Wakaputiei yaliyo kusini ya mto Mbagathi, ni ukingo wa kaskazini wa hifadhi hiyo, mahali ambapo Umaasai unapakana na Nairobi. Atakaye kuona mwisho wa mambo yaliyoanza Naivasha mwaka 1904 haina haja aende mbali zaidi ya hapo.

Tuanze na maneno. Kiswahili kina maneno mawili ambayo mara nyingi hutumika kana kwamba yana maana moja: mkataba na agano. Mkataba ni neno lenye asili ya Kiarabu, ndugu wa kitabu, maktaba na katibu. Kiini chake ni kuandika. Palipo na mkataba pana karatasi, hata kama mmoja wa wahusika hawezi kuisoma. Agano ni neno la Kibantu, litokanalo na kitenzi kuagana, na kitenzi hicho kina mafundo mawili: watu huagana wakipatana juu ya jambo, na huagana wakiachana njiani. Katika hali zote mbili ni tendo la watu wawili walio uso kwa uso, na halihitaji wino. Wafasiri wa Biblia walipochagua agano badala ya mkataba kuwa jina la sehemu mbili za kitabu chao, walichagua vizuri.

Kimaa kina neno la tatu, nalo ni zito kuliko yote mawili. Osotua kwa asili ni ukamba wa kitovu unaomuunganisha mtoto na mama yake. Kutokana na maana hiyo neno limepanuka likawa jina la uhusiano maalumu kati ya watu wawili au familia mbili: mmoja humwomba mwenzake kitu akiwa na shida, naye humpa kwa kadiri ya shida ile. Kinachotolewa hakihesabiwi kuwa deni. Uhusiano huo hurithiwa na watoto, na ukishafungwa haufunguliwi. Mwanaanthropolojia Lee Cronk, aliyefanya utafiti kati ya Wamukogodo wa Laikipia, ameonyesha kwamba wenyewe hutenganisha kabisa osotua na mambo ya kukopa na kulipa. Basi wafasiri wa Kimaa walipotafuta neno la kulitia jina Agano Jipya, walichukua hilo: Osotua Ng'ejuk. Sijui kama walipima uzito wa uamuzi wao. Walimwambia msomaji wa Kimaasai kwamba kitabu alichokishika mkononi si hati ya masharti bali ni ukamba usiokatika.

Sasa tuitazame hati nyingine. Mwezi wa Agosti 1904, huko Naivasha, Kamishna Sir Donald Stewart alitia saini mkataba na Olonana, ambaye Waingereza walimwita Lenana, pamoja na wakuu wengine wa Wamaasai. Kwa mkataba huo Wamaasai walikubali kuondoka katika Bonde la Ufa lililo karibu na reli na kugawanywa katika hifadhi mbili, moja Laikipia na nyingine kusini. Waliahidiwa njia yenye maji ya kuunganisha hifadhi hizo, na mahali pa kufanyia ibada za jando katika miteremko ya Kinangop. Olonana na jamaa yake waliwekewa ardhi kati ya mito ya Mbagathi na Kiserian, katika nchi ambayo leo ni sehemu ya Kaunti ya Kajiado. Mapatano yote yangedumu kwa muda wote ambao Wamaasai wangeendelea kuwako wakiwa kabila, na Wazungu wala walowezi wengine wasingeruhusiwa kuchukua ardhi katika makao hayo.

Maneno hayo yaliandikwa kwa Kiingereza, yakafasiriwa kupitia Kiswahili na Kimaa, kisha wakuu wakatia alama zao. Kwa mwanalugha hapa ndipo penye kiini. Hati moja, lugha tatu, na katikati yake wakalimani. Kiswahili kilikuwa daraja ambalo ahadi ya serikali ilivuka kumfikia mfugaji. Aidha, Olonana alikuwa olaiboni, yaani mtu wa uganga, uaguzi na ushauri; hakuwa mfalme, na hakuwa na mamlaka ya kuwatolea watu ardhi. Mamlaka ya kusema kwa niaba ya rika yalikuwa ya olaiguenani. Waingereza walimfanya chifu mkuu kwa kuwa walihitaji mtu mmoja wa kutia alama. Hivyo mkataba ulianza kwa kumbuni mmoja wa wahusika wake.

Molonket alikuwa miongoni mwa Wamaasai wa kwanza kabisa kuongolewa na John Stauffacher, mmishenari Mmarekani aliyefika nchini mwaka 1903. Alijifunza kusoma, akafanya kazi na misheni, na mwaka 1909 akatenda jambo ambalo Mmaasai wa siku hizo asingelifikiria kwa urahisi: aliuza mifugo yake, akalipa nauli, akasafiri hadi Marekani. Yeyote ajuaye thamani ya ng'ombe katika Umaasai ataelewa kwamba huyu hakuwa mtu wa kupelekwa na wengine kama mzigo. Alikwenda kwa mali yake.

Shule aliyosoma ilikuwa Boydton Academic and Bible Institute, katika jimbo la Virginia, shule ya watu weusi iliyowekwa katika majengo yaliyoachwa na chuo cha Wazungu. Virginia ya wakati huo ilikuwa imekamilisha kazi ya kuwatoa Weusi katika haki za uraia kwa njia ya sheria iliyoandikwa. Tangu mwaka 1900 magari ya reli yalitenganishwa kwa rangi. Katiba ya mwaka 1902 ilimtaka mwenye kutaka kupiga kura, kwa muda wa mwanzo, aweze kueleza kifungu cha katiba kwa namna itakayomridhisha karani Mzungu. Kisha ikamtaka alipe kodi ya kura na aandike ombi lake kwa mkono wake mwenyewe. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa maandishi kufanywa lango, na ufunguo wa lango kukabidhiwa mtu wa rangi moja. Katika mwaka uleule aliofika Molonket, W. E. B. Du Bois na wenzake walikuwa wakiunda chama cha NAACP kupambana na mambo hayohayo. Kwa upande mwingine, shule za Weusi wa Kusini zilianza kutazamwa na watawala wa makoloni kuwa mfano wa elimu ya kumtuliza Mwafrika. Tume ya Phelps-Stokes ilipopita Afrika ya Mashariki mwaka 1924, pamoja na James Aggrey, ilipendekeza mfano huo kwa moyo wote. Molonket alikuwa ameuonja miaka kumi na mitano kabla ya tume, na haukumtuliza.

Alipoondoka mwaka 1909, Laikipia ilikuwa bado ya Wamaasai kwa mujibu wa mkataba. Aliporudi mwaka 1912, ng'ombe walikuwa njiani. Gavana Sir Percy Girouard alikuwa ametaka Laikipia kwa ajili ya walowezi. Olonana alifariki Machi 1911, na serikali ikasema kwamba alipokuwa akikata roho aliwausia watu wake waungane kusini. Wosia huo ulifaa mno mipango ya serikali. Mwezi uliofuata, tarehe 4 Aprili, mkataba wa pili ulitiwa alama, na miongoni mwa walioutia alikuwemo Seggi, mwana wa Olonana, ambaye bado alikuwa mdogo. Hati iliyoahidiwa kudumu kadiri Wamaasai watakavyodumu ilikuwa imedumu chini ya miaka saba. Watu wapatao 10,000 na ng'ombe karibu 200,000, mbali na kondoo, waliteremshwa kutoka Laikipia hadi kusini, wengi wao wakielekezwa upande wa magharibi wa hifadhi, na hata wenyeji wa tangu zamani walilazimika kubanana.

Aliyesimama kupinga alikuwa ole Gilisho, olaiguenani wa Wapurko. Kesi ilifunguliwa kwa jina la ole Njogo na wenzake, ikasimamiwa na wakili Mzungu. Daktari Norman Leys, mtumishi wa serikali, alivujisha habari hadi Bunge la Uingereza, akahamishwa nchini kwa sababu hiyo. Kitabu chake Kenya kilitolewa mwaka 1924 na Hogarth Press, kampuni ndogo ya Leonard na Virginia Woolf. Mahakama Kuu haikuamua kama Wamaasai wamedhulumiwa. Iliamua kwamba Wamaasai si raia wa Mfalme wa Uingereza bali ni watu wa nchi ya kigeni iliyo chini ya ulinzi wake, na kwa hiyo yale mapatano ni mapatano kati ya mataifa, ambayo mahakama haina uwezo wa kuyachunguza. Rufani ilikataliwa Desemba 1913.

Hukumu hiyo yafaa isomwe na kila mwanafunzi wa pragmatiki. Serikali iliyowaita Wamaasai watoto wasioweza kujiamulia mahali pa kulisha ng'ombe iliwageuza kwa siku moja kuwa taifa lenye enzi, ili wasiweze kuishtaki. Maana ya neno ilitegemea ni nani aliyelishika.

Katika hayo yote Africa Inland Mission ilishikilia msimamo wake kwamba kazi yake ni wokovu wa roho na si siasa. Msimamo huo una udhaifu wa kilugha ambao wamishenari hawakuuona. Kiingereza kina neno moja kwa uadilifu wa mtu mbele ya Mungu, na neno lingine kwa haki itolewayo na mahakama. Mhubiri anaweza kulishika la kwanza akaliacha la pili. Kiswahili kina haki tu. Neno lilelile linalotajwa katika hotuba ya mlimani katika tafsiri ya Biblia iitwayo Union Version ndilo mtu analolitumia akidai shamba lake. Mwenye kuhubiri kwa Kiswahili hawezi kusema haki ya Mungu bila msikilizaji kuikumbuka haki yake iliyochukuliwa. Kwa maoni yangu lugha ya Kiswahili ilifanya siasa ndani ya kanisa muda mrefu kabla ya mchungaji yeyote kuthubutu.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 alama juu ya karatasi ilirudi tena, safari hii mlangoni mwa kanisa. Misheni kadhaa za Kiprotestanti, Africa Inland Mission ikiwemo, ziliwataka walimu na waumini wakane tohara ya wanawake na chama cha Kikuyu Central Association kilichoitetea. Huko Ukikuyu waliokubali waliitwa kirore, yaani alama ya kidole gumba, kwa sababu ndivyo walivyothibitisha. Jina hilo linaeleza mengi: kidole gumba kilikuwa kimekwisha kuwa alama ya utumwa wa kipande na ya ardhi iliyopotea. Kule Kijabe mmishenari Hulda Stumpf aliuawa Januari 1930, na mji wote ukatikisika. Katika Umaasai mgogoro haukumwaga damu, lakini uligawanya. Wafuasi wengi wa Siyiapei waliondoka, na Molonket, mzee wao wa kwanza, aliondoka pia, akawa kiongozi wa Wakristo wa Kimaasai waliojitenga na misheni.

Hapa msomaji anayetaka shujaa asiye na doa atasumbuka, na ni vema asumbuke. Molonket alisimamia jambo la haki: kwamba kanisa si mali ya Mmarekani, na kwamba mtu aliyeuza ng'ombe wake kuitafuta elimu ya dini hawezi kuwekewa karatasi ya kutia kidole kama mtumishi wa shamba. Alikataa mkataba akidai agano. Lakini jambo lililobishaniwa lilikuwa mwili wa msichana, na msichana hakuulizwa na upande wowote. Wamishenari walimtaja ili kuonyesha ushenzi wa Waafrika; wazee walimtaja ili kuonyesha jeuri ya Wazungu. Ukombozi wa mtu mweusi ndani ya kanisa ulinunuliwa kwa sehemu kwa gharama ya binti mweusi. Sioni namna ya kuandika historia hii kwa uaminifu huku nikiificha sentensi hiyo.

Jibu la upande huo lilichelewa, na lilipokuja lilitokea Kajiado. Shule ya msingi ya wasichana ya kanisa lilelile, ambalo sasa lilikuwa Africa Inland Church chini ya viongozi Waafrika, ilianzishwa hapo mwaka 1959. Chini ya mwalimu mkuu Priscilla Nangurai, yeye mwenyewe Mmaasai, shule hiyo ikawa kimbilio la wasichana waliokuwa wakiozwa wangali watoto au kukimbia kisu. Yeye hakuwa mmishenari wa kigeni mwenye kudai alama ya kidole. Alizungumza na wazazi kwa Kimaa, aliwajua kwa koo zao, na wengine walipatana na binti zao baadaye. Bunge la Kenya lilipopitisha sheria ya kupiga marufuku ukeketaji mwaka 2011, kazi ilikuwa imeendelea Kajiado kwa miaka mingi bila kutegemea sheria hiyo. Ukilinganisha njia yake na ile ya 1929 utaona kwamba lengo la kumlinda msichana lilikuwa karibu moja, lakini moja ilikuja kwa mkataba na nyingine kwa kitu kinachoelekea osotua.

Suala la ardhi nalo halikufa. Mwezi wa Agosti 2004 Wamaasai waliandamana Nairobi na kwingineko wakidai kwamba mkataba wa 1904 ulikuwa umefikia kikomo na ardhi inapaswa kurudi. Walisema miaka imekwisha. Wengi walitaja miaka tisini na tisa au mia. Serikali ilijibu kwamba hati haina maneno hayo, na kwa herufi ilikuwa sahihi: hati haitaji idadi ya miaka. Lakini wanaotafiti fasihi simulizi hawapaswi kuliacha jibu hilo lipite hivihivi. Kumbukumbu ya Wamaasai ilikuwa imeyachanganya mapatano ya 1904 na mashamba ya walowezi yaliyokodishwa kwa miaka 99, kwa sababu kwa aliyepoteza malisho mambo hayo mawili ni kitendo kimoja. Na ikiwa tutashika herufi, basi herufi ya 1904 yasema jambo kubwa zaidi kuliko waandamanaji walivyodai, maana Wamaasai wangali wako.

Kitengela imepita njia yake. Sheria ya mwaka 1968 ilianzisha ranchi za kikundi, na ardhi ya Wakaputiei ikaandikishwa kuwa mali ya vikundi vya wanachama. Miaka ya 1980 ilipokuwa ikimalizika, ranchi ya Kitengela iligawanywa, kila mwanachama akapata kipande chake na hati yake. Kisha mauzo yakaanza. Viwanda vya Athi River, eneo la viwanda vya kuuza nje, na wafanyakazi wa Nairobi waliotafuta kiwanja cha bei nafuu waliigeuza nchi ya malisho kuwa mji, na nyumbu waliokuwa wakitoka katika Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, kuelekea tambarare za kusini wakakuta nyaya na kuta. Safari hii hapakuwa na gavana wala bunduki. Palikuwa na mnunuzi, dalali, wakili, na hati ya kumiliki ardhi iliyoandikwa kwa Kiingereza kwa mzee ambaye mara nyingi hakukisoma. Mji ukaja na makanisa mengi, ya mabati na ya mawe, na ibada humo huendeshwa kwa Kiswahili zaidi kuliko Kimaa.

Wanachama walioandikishwa katika ranchi hizo walikuwa, isipokuwa wachache, wanaume. Wake zao waliopanda mabanda, waliokamua na kuteka maji juu ya ardhi ileile, walisikia habari za mauzo baada ya fedha kupokelewa. Ilipofika 2012 ndipo sheria mpya za ardhi zilipotaka ridhaa ya mwenzi wa ndoa kabla ya ardhi ya familia kuuzwa au kuwekwa rehani. Ridhaa hiyo nayo huthibitishwa kwa saini, na asiyejua kuandika hutia kidole gumba.